Mwongozo kamili wa monita za rangi moja za kompyuta za mwanzo: kuchagua, kuwasha na kutengeneza

Chukua monita ya kijani ya IBM ya mwaka 1981 na kadi ya picha ya rangi ya mwaka huohuo. Plagi ina pini 9, soketi ina matundu 9, na zinaingiana bila hata kulazimisha. Washa, na huenda ukawa umeanza kuiunguza monita yako. Umbo la plagi halikwambii kama vifaa viwili vinapatana. Kinachokwambia ni kasi ya ishara inayopita ndani ya waya, na hiyo ndiyo ya kujua kabla hujanunua, hujaunganisha, wala hujashika bisibisi.

Jua ukoo wa monita yako

Ndani ya tyubu ya picha, mwale wa elektroni hufagia kioo kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, hadi chini, kisha hurudi juu. Idadi ya mistari inayofagiwa kwa sekunde moja ndiyo inayozigawa monita hizi katika koo.

Ukoo wa kwanza, na ulio mkubwa kuliko yote, ni wa ishara ya kompoziti. Picha na maagizo yote ya kuipanga hupita kwenye waya mmoja wenye plagi ya RCA, ileile ya manjano uliyoizoea kwenye deki ya DVD. Kasi yake ni ya televisheni: mistari kama 15,700 kwa sekunde kwa mashine za Marekani, 15,625 kwa za Ulaya. Apple II ya 1977 imo humo, Commodore 64 ya 1982 imo, na BBC Micro ya 1981 pia, ingawa yenyewe hutumia plagi ya BNC, ile ya kuzungusha na kufunga. Monita zake ni kama Apple Monitor III, Apple Monitor II, Zenith ZVM-121, na zile za Philips zilizouzwa sana Ulaya: BM7502 ya kijani na BM7522 ya kaharabu, yaani rangi ya manjano inayoelekea chungwa. Kama hii ni monita yako ya kwanza, chukua ya ukoo huu. Inapokea ishara kutoka vifaa vingi na ni vigumu kuiharibu kwa kuikosea waya.

Ukoo wa pili ni wa IBM. Kompyuta ya IBM PC ilipotoka Agosti 1981, kwa watu wa ofisini iliambatana na monita iitwayo 5151 na kadi iitwayo MDA. Kadi hiyo ilitoa maandishi tu, herufi 80 kwa mistari 25, lakini kila herufi ilipewa nafasi ya nukta 9 kwa 14, na kioo kizima nukta 720 kwa 350. Hadi leo maandishi ya 5151 yanasomeka vizuri kuliko ya monita nyingi zilizoifuata. Ili kupata nukta hizo zote, IBM iliachana na kasi ya televisheni ikapanda hadi 18.432 kHz (mistari 18,432 kwa sekunde), huku kioo kikichorwa upya mara 50 kwa sekunde. Mwaka 1982 ikaja kadi ya Hercules, iliyobuniwa na Van Suwannukul, Mthailandi aliyekuwa akisoma Marekani na kutaka kuandika Kithai kwenye kompyuta yake. Kadi hiyo ilileta michoro ya nukta 720 kwa 348 kwenye monita ileile. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya MDA na Hercules, chagua Hercules. Inafanya yote ya MDA na zaidi.

Halafu kuna monita zisizochanganyika na yeyote. Atari SM124, kwa mfano, hufagia kwa takriban 35.7 kHz na ina plagi ya duara yenye pini 13. Hiyo inunue pamoja na kompyuta yake, Atari ST, au iache.

Mtego niliouanza nao unatokana na kadi ya rangi ya IBM, CGA. Ina soketi ya pini 9 sawa na ya MDA, lakini kasi yake ni ile ya televisheni. Commodore 128 nayo ina soketi ya namna hiyo. Na 5151 haina kifaa cha ndani cha kujipangia kasi: sehemu inayosukuma mwale kulia na kushoto inaendeshwa moja kwa moja na ishara inayotoka kwenye kadi, na sehemu hiyohiyo ndiyo inayozalisha umeme mkubwa wa tyubu kupitia flaibeki, ile transfoma ya kupandishia umeme. Ukiilisha kasi isiyo yake, transista na flaibeki hupata joto kupita kiasi. Hata programu iliyoandikwa vibaya, inayoipa chipu ya 6845, ile inayopanga kasi ya ishara kwenye kadi, namba zisizofaa, inaweza kuleta madhara hayohayo.

Hili lina upande wa pili unaoweza kukuokolea pesa. Kwa kuwa 5151 inategemea ishara ya nje, ukiichomeka kwenye umeme peke yake haionyeshi chochote, hata mwanga hafifu. Wauzaji wengi huandika "haiwaki" na kushusha bei, kumbe hawakuiunganisha na kompyuta. Isitoshe, haina swichi ya kuwashia; waya wake wa umeme uliundwa kuchomekwa nyuma ya kompyuta ili viwake na kuzimwa pamoja. Monita ya kompoziti ni kinyume chake: ukipandisha mwangaza bila ishara yoyote, kwa kawaida utaona kioo kizima kimewaka rangi yake.

Kijani, kaharabu au nyeupe

Rangi hutokana na unga wa fosfori uliopakwa ndani ya kioo, na kila aina ina namba yake. P39, inayotumika kwenye 5151, ni kijani kinachochelewa kuzima. Ndiyo iliyowezesha IBM kuchora kioo mara 50 tu kwa sekunde bila picha kupepesa, na ndiyo inayoacha mkia wa mwanga kila maandishi yanapopanda juu. P31 ni kijani kinachozima upesi zaidi. P4 ni nyeupe, ile ya televisheni za zamani. Kaharabu ilipendwa sana Ulaya kwa madai kuwa inapumzisha macho. Mimi naona ni suala la ladha tu. Lakini kwa michezo usichukue yenye P39, maana kila kinachokimbia kitaacha kivuli nyuma yake.

Katika rangi hizi zote kuna jambo moja linalofanana: hakuna bamba la matundu nyuma ya kioo kama kwenye televisheni ya rangi. Mwale ni mmoja, unga ni mmoja, na ukali wa herufi hauna kinachoukata. Ndiyo maana monita ya bei rahisi ya 1983 inaweza kuonyesha herufi 80 kwa mstari, jambo lililoishinda televisheni ya rangi ya sebuleni.

Kabla hujatoa pesa

Afrika Mashariki mashine za miaka hii ni adimu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo enzi ya Apple II ilipita bila kuacha mabaki mengi kwenye stoo za Dar es Salaam. Uwezekano mkubwa utaagiza kutoka Marekani au Uingereza, au utaletewa na ndugu. Mwombe muuzaji picha za mambo haya:

1. Kioo kikiwa kimezimwa, kikimulikwa kwa tochi kutoka ubavuni. Alama za maandishi zilizoungua zitaonekana kama kivuli cha kahawia. Huo ni unga wenyewe umechoka, na hautengenezeki.
2. Pembe za kioo. Tyubu zingine zina kioo cha pili cha usalama kilichobandikwa kwa gundi mbele, na gundi hiyo ikizeeka hutoa madoa meupe kama mtoto wa jicho. Yanaondolewa kwa kukibandua kioo cha nje kwa joto, kazi ya kutisha kidogo. Lipa bei ndogo.
3. Wavu mwembamba wa kitambaa juu ya kioo, ambao baadhi ya monita, ikiwemo Apple Monitor III, zilikuwa nao kupunguza mng'ao. Huchanika na kuota ukungu. Unaweza kuondolewa kabisa, na picha huwa angavu zaidi.
4. Bamba la nyuma lenye namba ya modeli na volti.
5. Picha ikiwa imewaka, ikijaza kioo, yenye maandishi kwenye pembe zote nne.

Msisitize afunge kwa maboksi mawili, moja ndani ya lingine, na sponji nene pande zote. Sehemu dhaifu ya tyubu si kioo cha mbele bali shingo yake nyembamba ya nyuma. Boksi likidondoka, shingo hukatika, hewa huingia, na mwisho wa tyubu ni huo.

Umeme wa hapa kwetu

Monita ya Marekani inataka volti 120 na mizunguko 60. Soketi ya Nairobi au Arusha inatoa 230 hadi 240, mizunguko 50. Baadhi ya monita zina swichi ya kubadili volti nyuma au daraja la waya ndani, nyingi hazina. Utahitaji transfoma ya kushushia umeme, ile nzito ya chuma na shaba. Monita hizi hazili umeme mwingi, kwa hiyo transfoma ya wati 100 inatosha na kubaki. Vile vibadilishaji vyepesi vya wasafiri, vilivyokusudiwa pasi na mashine za kukaushia nywele, usivitumie.

Hata ukishusha volti, mizunguko inabaki 50. Monita yenye transfoma yake ndani, iliyoundwa kwa 60, itapata joto zaidi ya ilivyokusudiwa. Kwa saa moja mbili haina neno. Kuiacha ikiwaka kutwa nzima sikushauri. Kama una uchaguzi, tafuta toleo la Ulaya la volti 220 au 240. Weka pia kifaa cha kulinda friji kati ya ukuta na monita, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika huwa unarudi kwa kishindo.

Fungua kabla ya kuwasha

Monita iliyolala miaka mingi usiichomeke siku ileile iliyofika. Kama imetoka nchi ya baridi au imeshinda bandarini, iache chumbani usiku kucha ikauke. Kisha fungua.

Hapa pana hatari ya kweli. Tyubu yenyewe hutunza umeme: kwa monita ya inchi 12, volti elfu kumi na zaidi, na inaweza kuwa nao muda baada ya kuzimwa. Kapasita kubwa ya upande wa umeme nayo, kwenye saketi zinazobadili umeme wa ukutani moja kwa moja, hubeba kama volti 325 kwa umeme wa 230. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Chomoa kila kitu. Subiri angalau saa moja.
2. Tafuta waya wa shaba uliosukwa, usio na plastiki, uliolala mgongoni mwa tyubu. Huo ndio ardhi ya tyubu.
3. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mzito wa plastiki. Funga chuma chake kwenye waya huo uliosukwa kwa waya wenye klipu za meno pande zote mbili. Usiifunge kwenye ubao wa saketi.
4. Mkono mmoja uwe nyuma ya mgongo. Kwa mwingine, telezesha ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo ubavuni mwa tyubu hadi iguse chuma. Unaweza kusikia mlio mdogo, unaweza usisikie kitu.
5. Subiri dakika kumi, rudia. Tyubu hujichaji yenyewe kidogo kutokana na mabaki kwenye kioo.
6. Pima kapasita kubwa kwa mita kabla hujaigusa.

Kama huna uhakika na hatua ya nne, mpelekee fundi mzee wa televisheni. Wale waliotengeneza Greatwall za rangi nyeusi na nyeupe wanaijua kazi hii kwa kichwa, na saketi ya monita ya kompoziti ni televisheni iliyotolewa kinasa mawimbi.

Ndani, angalia mambo manne. Kapasita za umeme zilizovimba au kuvuja majimaji. Kapasita za karatasi zenye ganda la plastiki la manjano linalopitisha mwanga, aina ya RIFA, kwenye njia ya kuingilia umeme: zikiwa na nyufa zing'oe mara moja, kwa sababu hupasuka na kujaza chumba moshi mzito dakika chache baada ya kuwashwa. Badala yake weka mpya za daraja la X2 za thamani ileile. Tatu, lehemu iliyopasuka kwa duara jembamba kuzunguka miguu ya flaibeki, transista kubwa na soketi za waya. Nne, kutu na mayai ya wadudu. Mende hupenda joto la transfoma.

Sibadilishi kapasita zote kwa mpigo, ingawa wapenzi wengi hushauri hivyo. Ukibadili vitu 30 na monita ikagoma, hujui ni kipi kati ya 30 ulichokosea. Lehemu upya zilizopasuka, badili zilizovimba, kisha washa uone.

Kuwasha mara ya kwanza

Punguza mwangaza na kontrasti hadi chini. Washa, na mkono ubaki karibu na swichi ya ukutani. Tazama shingo ya tyubu gizani: ndani ya nusu dakika lazima kuwe na nukta ya mwanga wa chungwa, ambayo ni kipasha joto cha tyubu. Kijana atasikia mlio mwembamba sana wa monita ya kompoziti. Wa 5151 uko juu ya uwezo wa watu wazima wengi, hivyo ukimya si kosa. Harufu ya vumbi lililopata joto ni ya kawaida. Harufu ya samaki au ya plastiki inayoungua, zima.

Pandisha mwangaza polepole. Sasa kioo chenyewe kitakwambia ugonjwa ulipo.

Mstari mmoja mwembamba unaong'aa ukilala katikati: sehemu ya kusukuma mwale juu na chini imekufa. Punguza mwangaza papo hapo, la sivyo mstari huo utaunguza unga na kubaki milele. Mara nyingi ni lehemu iliyopasuka kwenye chipu ya wima au kapasita iliyo jirani nayo.

Picha iliyobanwa juu, chini sawa: kapasita kavu kwenye saketi hiyohiyo ya wima. Kingo zinazotikisika kama mawimbi, au picha iliyosinyaa pande zote: kapasita kubwa za usambazaji umeme. Picha inayovimba unapoongeza mwangaza: umeme mkubwa ni dhaifu, tazama upande wa flaibeki. Kipasha joto kinawaka lakini giza tupu: kama ni 5151, kwanza hakikisha ishara inafika, kama ni kompoziti, umeme mkubwa haupo. Picha inayopanda au kushuka bila kutulia haina ugonjwa wowote, zungusha nobu ya wima iliyo nyuma. Mistari iliyolala mshazari, zungusha ya ulalo.

Picha hafifu hata mwangaza ukiwa juu kabisa, yenye herufi zilizofifia ukungu, kwa kawaida ni tyubu iliyochoka. Flaibeki mbovu na tyubu iliyochoka ndizo sababu mbili za kununua monita ya pili mbovu ya modeli ileile kwa ajili ya vipuri.

Kuinyoosha picha

Subiri dakika 20 ipate joto, kwa sababu vipimo vya baridi hubadilika. Jaza kioo kwa herufi H. Anza na kimo, kisha ulinganifu wa wima hadi H za juu na za chini ziwe na urefu mmoja. Viwili hivi huvutana, hivyo utarudi mara kadhaa. Kisha upana. Kama picha imeinama, legeza skrubu ya koili iliyozunguka shingo na uizungushe kidogo, monita ikiwa imezimwa na tyubu imeondolewa umeme kila unapoigusa. Kama haiko katikati, pete mbili zenye masikio nyuma ya koili hiyo ndizo za kuisogeza. Mwisho kabisa ni fokasi: itafutie mahali ambapo katikati na pembeni vinasomeka vyote, si mahali ambapo katikati ni kali kupindukia. Tumia bisibisi ya plastiki, hasa kwenye koili ya upana, maana chuma huibadilisha unapoirekebisha na jiwe lake hupasuka kirahisi.

Waya zinazostahili kutengenezwa

Commodore 64: usitumie ishara ya kompoziti. Kwenye soketi ya picha, pini 1 hutoa mwangaza peke yake bila rangi na pini 2 ni ardhi. Peleka hizo kwenye RCA. Herufi zitanyooka kwa sababu hakuna rangi iliyochanganywa ndani ya ishara.

Commodore 128: herufi 80 kwa mstari zinatoka kwenye ile soketi ya pini 9, na pini 7 ni kompoziti ya rangi moja iliyo tayari. Pini 7 iende kwenye ncha ya katikati ya plagi ya RCA, pini 1 iwe ardhi. Ni waya wa bei ndogo kuliko zote na faida yake kubwa kuliko zote.

CGA: tumia jeki yake ya RCA, kisha kwenye DOS andika MODE BW80. Amri hiyo huzima rangi, na vile vijinukta vinavyochafua maandishi hutoweka.

MDA na 5151: pini 1 na 2 ni ardhi, 6 ni ukali wa mwanga, 7 picha, 8 ishara ya ulalo, 9 ya wima. Kwenye IBM PC ya kwanza, swichi ndogo namba 5 na 6 za kundi la kwanza lazima ziwe zimezimwa zote mbili ili kompyuta ijue ina MDA. Ukisikia mlio mmoja mrefu na miwili mifupi, kompyuta haioni kadi ya picha. Monita isilaumiwe bado.

Huna kompyuta ya zamani? Monita ya kompoziti itapokea deki ya DVD au Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye tundu la AV. Kwenye mifumo ya zamani ya Pi, mstari sdtv_disable_colourburst=1 ndani ya config.txt huondoa rangi kwenye ishara, na tofauti huonekana kwa macho.

Kuitunza

Futa kioo kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Dawa za vioo zenye amonia huvua tabaka la kuzuia mng'ao. Plastiki iliyogeuka manjano inaweza kupaushwa kwa krimu ya peroksidi ya saluni na jua la saa sita, lakini umanjano hurudi, na mimi huuacha.

Pwani, kutoka Lamu hadi Mtwara, adui ni unyevu wa chumvi. Funika monita kwa shuka la pamba, si nailoni inayofungia jasho ndani. Iweke juu ya meza mbali na ukuta wa nje, na uiwashe nusu saa kila mwezi mmoja au miwili ili joto likaushe flaibeki. Msimu wa masika uwashe mara nyingi zaidi.